Ajali Ina Kinga

Kwetu Msowero msiba wa ajali una sentensi yake. Turubai likishafungwa, watu wakishakaa kwenye mikeka, wanawake wako nyuma na masufuria, lazima atokee mzee mmoja avunje ukimya kwa kusema, "Jamani, ajali haina kinga." Wengine wanaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena kitu. Gari lilikuwa na hali gani, dereva alilala saa ngapi, nani aliliruhusu kuingia barabarani: maswali yote yanafungwa na maneno matatu. Na mimi nimeyasema mara nyingi tu. Siku moja niliyasema nikijua kabisa kwamba nasema uongo, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Lakini kabla ya kufika kwenye siku hiyo inabidi nianzie stesheni ya Kilosa, mwaka 2002.

Nilikuwa nasoma sekondari na nilikuwa naishi kwa mama mdogo pale Kilosa mjini. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa usiku. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam jioni ilifika Kilosa usiku mkubwa, na akina mama walikuwa wanaisubiri na makarai ya vitumbua, chupa za chai, na wali maharage kwenye ndoo zilizofunikwa kwa vitambaa. Kama hujawahi kuona biashara ile, ni hivi: abiria anatoa mkono dirishani, unampa sahani, anakula haraka haraka huku wewe umesimama chini unamlinda kwa macho, anakurudishia sahani na hela. Yote hayo kabla kichwa cha treni hakijapiga honi. Treni ikiondoka na sahani yako, imekwenda. Ukiwa na bahati abiria wa treni inayorudi atakutupia yake.

Ilikuwa likizo ya Juni, Jumapili ya tarehe 23, na mimi nilikuwa nimebeba ndoo. Mama mdogo alimpa sahani ya bati yenye maua mekundu mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Treni iliondoka mapema kuliko alivyotarajia. Yule mama alinyoosha mkono dirishani akiwa bado ameshika ile sahani, akacheka, akasema kitu ambacho hatukukisikia. Mama mdogo naye akacheka. "Utaniletea ukirudi!" alimpigia kelele. Tukarudi nyumbani kulala.

Kesho yake, Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002, redio ndiyo iliyotuambia. Treni ile, yenye mabehewa zaidi ya ishirini na watu zaidi ya elfu moja, ilishindwa kwenye mlima wa Igandu, mbele ya stesheni ya Msagali, mkoani Dodoma. Ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Ilirudi ikiongeza kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wengi hawakutambulika na walizikwa katika kaburi la pamoja Dodoma. Hadi leo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania, na ni kati ya mbaya kabisa barani Afrika.

Mama mdogo hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akahesabu sahani zake. Zilikuwa kumi na moja. Akazihesabu tena. Halafu akauliza swali ambalo nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini: "Kwani yale mabreki alikuwa anayaangalia nani?"

Jirani mmoja aliyekuwa pale barazani akamjibu kama ulivyokwisha kukisia. "Mama, ajali haina kinga."

*

Waziri wa Mawasiliano na Uchukuzi wakati ule alikuwa Profesa Mark Mwandosya. Wasomaji wengi wa hapa watamjua kwa siasa, hasa mwaka 2005 alipoingia tatu bora ya CCM ya kumtafuta mgombea urais pamoja na Jakaya Kikwete na Salim Ahmed Salim. Mimi jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye redio ya mama mdogo wiki ile ya Igandu. Mtangazaji akataja kwamba ni mhandisi, profesa wa umeme wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mama mdogo akaguna. "Profesa wa umeme anajua nini mambo ya treni?"

Swali lile nililiona la kijinga. Nilikuwa kwenye umri ule ambao kila swali la mtu mzima asiyesoma sana unaliona la kijinga. Sasa naona ndilo swali lenyewe. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akifundisha saketi na mitambo ya kuzalisha umeme anafanya nini kwenye ofisi inayotakiwa kuhakikisha kwamba mama mwenye mtoto mgongoni anafika Dodoma?

Ukiitazama kazi yake kwa mbali, unaona mtu ambaye kila mara alipelekwa mahali ambapo fundi na serikali wanakutana. Alizaliwa Mbeya mwaka 1949. Alisomea uhandisi Uingereza, akarudi kufundisha Mlimani. Miaka ya themanini akawa kamishna wa nishati, kisha katibu mkuu wa wizara. Mwaka 1997, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa kundi la nchi zinazoendelea, G77 na China, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa kundi hilo kwenye mazungumzo ya tabianchi yaliyozaa Itifaki ya Kyoto, na aliandika kitabu juu ya mazungumzo hayo. Mwaka 2000 akawa mbunge wa Rungwe Mashariki, na Rais Benjamin Mkapa akamkabidhi wizara yenye simu, ndege, meli, reli na mabasi. Akakaa nayo mpaka mwisho wa mwaka 2005.

Miaka hiyo mitano ndiyo iliyotuletea majina ambayo leo tunayatamka kama vile yalikuwepo tangu enzi za Mjerumani: TCRA ya mawasiliano, TCAA ya usafiri wa anga, na SUMATRA ya usafiri wa nchi kavu na majini. Zamani shirika lililoendesha chombo ndilo kwa kiasi kikubwa lililojikagua lenyewe. Wazo jipya lilikuwa kutenganisha: anayeendesha treni awe mwingine, na anayesema "treni hii isiondoke" awe mwingine. SUMATRA ilipewa kazi ya leseni, nauli, na usalama wa treni, mabasi na meli. Mwaka 2019 kazi za nchi kavu zilihamia LATRA, wakati zile za majini zilikuwa zimekwisha kwenda TASAC.

Sasa tazama tarehe. Sheria iliyoanzisha SUMATRA ni Sheria Namba 9 ya mwaka 2001. Mamlaka yenyewe ilianza kazi mwaka 2004. Igandu ni Juni 2002, katikati kabisa.

Sisemi kwamba ofisi ingekuwepo treni isingerudi nyuma. Ninachosema ni kwamba siku mama mdogo alipouliza "alikuwa anayaangalia nani", jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi lakini lilikuwa bado halijapewa meza, kiti wala mtu wa kukikalia. Waziri aliyekuwa na sheria hiyo mkononi ndiye aliyelazimika kuwaeleza Watanzania habari za vifo 281. Nimejaribu mara nyingi kufikiria usiku wake wa siku ile, na kila mara nashindwa.

*

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha, niliamua kuelewa breki za treni. Nilitaka tu kumjibu mama mdogo. Naomba univumilie kidogo, ndugu msomaji, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho vitabu vyote vya fasihi nilivyosoma havikunifundisha.

Mwaka 1869 Mmarekani mmoja, George Westinghouse, alibuni breki ya treni inayotumia hewa. Mwanzoni ilikuwa hivi: dereva anasukuma hewa kwenye bomba linalopita mabehewa yote, hewa inabana magurudumu, treni inasimama. Safi sana. Tatizo ni moja: bomba likipasuka, hewa inatoka, na treni nzima haina breki. Kwa hiyo miaka michache baadaye akaugeuza mtambo wake juu chini. Sasa hewa iliyomo kwenye bomba ndiyo inayozizuia breki zisibane. Dereva akitaka kusimama, anaitoa hewa. Na bomba likipasuka, au mabehewa yakikatika, hewa inatoka yenyewe, na breki zinabana zenyewe. Kitu kilekile kimeharibika, ila safari hii kimeharibikia upande mwingine.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Mhandisi wa usalama hajidanganyi kwamba kitu hakitaharibika. Anajua kitaharibika. Anachouliza ni: kikiharibika, kitaangukia upande gani?

Na profesa wa umeme analijua swali hilo kuliko wengi. Fyuzi ni nini? Ni kipande cha waya dhaifu kilichowekwa makusudi ili kiungue kabla nyumba haijaungua. Mtu wa umeme anaanza kazi yake kwa kukubali kwamba siku moja mambo yatakwenda vibaya, halafu anachagua mapema kitakachokufa. Basi, mama mdogo, ndicho anachokijua profesa wa umeme kuhusu treni.

Hata breki ya Westinghouse ina mwisho wake. Treni ikisimama muda mrefu mlimani, hewa huvuja kidogo kidogo, na breki huanza kulegea. Ndiyo maana kuna breki za mkono zinazofungwa behewa kwa behewa, na ndiyo maana kuna utaratibu unaosema zifungwe ngapi na nani ahakikishe. Usiku wa tarehe 6 Julai 2013, katika mji mdogo wa Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta ghafi iliyoegeshwa mlimani iliteremka yenyewe bila mtu ndani, ikalipuka katikati ya mji, ikaua watu 47. Injini iliyokuwa inajaza hewa ilikuwa imezimwa, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Magazeti yalimtafuta mtu wa kumlaumu, wakampata: dereva. Bodi ya uchunguzi ya Kanada ilipotoa ripoti yake ikaorodhesha sababu 18. Kumi na nane! Dereva alikuwemo, lakini pamoja naye kulikuwa na kampuni isiyofundisha watu wake vizuri, matengenezo ya kubahatisha kwenye injini, matangi dhaifu, na serikali ambayo haikuikagua kampuni hiyo ipasavyo.

Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi. Kama wewe ni mgeni wa fasihi yetu, nenda kaanze na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960. Nampenda Bwana Msa. Lakini Bwana Msa anatafuta mtu. Ukurasa wa mwisho mtu anapatikana, tunapumua, tunafunga kitabu. Ripoti ya ajali haimalizikii kwa mtu. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege, zile za Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinasema waziwazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mhusika mkuu wa ripoti ni yule abiria wa kesho ambaye hajakata tiketi bado. Kwangu hii ni aina ya maandishi yenye huruma kuliko riwaya nyingi, ingawa imejaa vipimo na majedwali.

*

Turudi kwenye neno lenyewe. "Ajali" limetoka Kiarabu, *ajal*, muda uliopangwa, saa ya mtu iliyoandikwa. Kamusi zetu bado zinaubeba ule ujumbe wa zamani: ajali ni tukio la ghafla, na ajali ni majaliwa. Kwa hiyo mzee wa Msowero akisema ajali haina kinga, kwa Kiswahili cha babu zake yuko sahihi kabisa. Saa ya mtu haina kinga. Hilo simbishii. Mimi pia naamini nina saa yangu.

Shida ni kwamba tumechukua neno moja tukalitumia kwa vitu viwili. Kifo kina saa yake, sawa. Lakini tairi lililokwisha si majaliwa. Mv Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu ndani ya Ziwa Victoria. Tukasema ajali haina kinga. Miaka ishirini na miwili baadaye, ziwa lilelile, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha Mv Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa ni 228. Soma tena namba hizo mbili taratibu. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya wale waliotakiwa kuwemo. Hakuna nyota iliyowapakia watu wale. Waliingia mmoja mmoja, kwa miguu yao, siku ya gulio, na kila mmoja aliona kwamba kimejaa.

Jirani zetu Kenya walikuwa na John Michuki. Hakuwa mhandisi, alikuwa mtu wa utawala na biashara. Mwaka 2004 alianza kutekeleza kanuni ambazo watu bado wanaziita kwa jina lake: matatu ziwe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa njano, dereva na konda wawe na sare. Wenye matatu waligoma, abiria wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado wengi wakamuunga mkono. Nikimlinganisha na profesa wetu naona njia mbili za kazi moja. Michuki alikuwa mkono. Mwandosya alikuwa mjenzi wa ofisi. Mkono unaonekana, na ukiondoka mambo hulegea. Ofisi haionekani, haina wimbo wala utani barabarani, lakini hubaki baada ya mwenyewe kuondoka. Inaweza hata kubadilishwa jina, ikagawanywa mara mbili, na bado asubuhi kuna mtu anafika Morogoro stendi na kuuliza basi hili lina kibali?

Swali la mhandisi lakini linaihusu ofisi pia. Ofisi nayo huharibika: mkaguzi anaumwa, mkaguzi ana njaa, mkaguzi ana shemeji mwenye mabasi. Ikiharibika inaangukia upande gani? Kama basi linaondoka mpaka mtu alizuie, basi mkaguzi akilala, basi linaondoka. Hiyo ni breki ya kwanza ya Westinghouse. Kama basi haliondoki mpaka mtu aliruhusu, mkaguzi akilala, basi linalala. Nadhani kazi nzima ya mamlaka ya usalama ni kuhama kutoka breki ya kwanza kwenda ya pili. Kuhama kwenyewe hakuishi, kwa sababu hata ofisi nzuri haiwezi kuwa ndani ya kila kosta inayotoka Dumila. Ndani ya kosta tumo sisi.

*

Hapa ndipo nilipokuwa nachelewa kufika.

Barabara ya kutoka Dumila kuja kwetu Msowero na kuendelea Rudewa hadi Kilosa ilikuwa ya vumbi muda wote wa utoto wangu. Masika ilikuwa tope. Gari linakwama, mnashuka, mnasukuma, mnapanda. Watu walivunjika mbavu lakini walikufa mara chache, kwa sababu huwezi kukimbia kwenye tope. Lami ilipoingia tulishangilia. Mahindi yakafika sokoni, wajawazito wakafika hospitali. Na magari yaleyale ya zamani, yenye matairi yaleyale, yakaanza kwenda mwendo wa lami.

Nilipanda gari Dumila saa kumi jioni. Sitalitaja, na mwenyewe namwachia Mungu. Nikiwa nasubiri lijaze, nilichuchumaa kufunga kamba ya kiatu, na jicho langu likawa sawa na tairi la nyuma kushoto. Lilikuwa kipara. Si kipara cha kawaida ambacho sote tumekizoea; pembeni nyuzi zilikuwa zimetoka nje kama nywele. Niliangalia kama sekunde tano. Konda aliniona ninavyoangalia. Akasema, "Mwalimu, ingia, siti ya dirishani ipo."

Nikaingia.

Juu ya kichwa cha dereva kulikuwa na stika yenye namba ya simu ya kutolea taarifa. Nilikuwa na simu mfukoni, ina chaji, ina salio. Niliisoma ile namba yote, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayesoma tangazo la dawa ya mbu. Nilifikiri nini? Nitakwambia ukweli. Nilifikiri kwamba watu watanicheka. Nilifikiri kwamba nitashushwa na giza linaingia. Nilifikiri kwamba mwalimu mzima naanza kugombana na konda stendi. Na kwa chini kabisa, lile neno la msibani lilikuwa linanibembeleza: kama imeandikwa, imeandikwa.

Lilipasuka kabla hatujafika Msowero. Gari lilikwenda kushoto, likarudi kulia, likalala shambani kwenye mahindi ya watu. Mimi nilitoka na mkwaruzo mkononi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye tulikuwa tumesalimiana tu, shikamoo, marahaba, hakutoka.

Nilikwenda kwenye msiba wake. Nilikaa kwenye mkeka. Mtoto wake mkubwa aliniuliza, kwa upole, kwa sababu alijua nilikuwemo: "Mwalimu, hivi ilikuwaje?"

Na mimi nikamwambia, "Kaka, ajali haina kinga."

Kwenye ripoti yenye sababu kumi na nane, nafasi yangu ingekuwa ya ngapi? Si ya kwanza, najua. Mwenye gari yuko mbele yangu, dereva yuko mbele, mtu aliyelikagua mara ya mwisho yuko mbele. Lakini nimo. Kilichoharibika ndani yangu siku ile kilikuwa kitu kidogo, ulimi tu, na kiliangukia upande wa hatari.

*

Tunajua kuwasifu wanaookoa. Mvuvi anayemtoa mtu majini anaandikiwa shairi, na anastahili. Lakini nani ataandika riwaya juu ya mtu aliyekaa ofisini akaandika kifungu cha kanuni, na kwa sababu hiyo mtu fulani, siku fulani, akafika nyumbani akala, akalala, bila kujua kwamba angekufa? Anayezuia hana ushahidi. Igandu ina namba, 281. Treni zilizofika salama kwa sababu mtu alikaza nati hazina namba. Profesa aliyejenga ofisi atakumbukwa kwa ajali iliyotokea akiwa waziri, na hatakumbukwa kwa zile ambazo hazikutokea. Nadhani mtu anayeikubali kazi hiyo anakubali na hilo, na kwangu inatosha kumheshimu.

Siku hizi treni ya umeme inapita Kilosa, ndani ya mahandaki, tangu mwaka 2024. Madirisha yake hayafunguki, huwezi kuuza wali. Mama mdogo amezeeka, miguu inamsumbua, alishaacha biashara. Nilipomweleza mambo ya Westinghouse na fyuzi alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema, "Kumbe lilikuwa na jibu." Kisha akaniomba nimsogezee dawa zake.

Mwezi uliopita nilikuwa Dumila tena, jioni, narudi nyumbani. Gari lingine, tairi la mbele. Nikamwambia konda, kwa adabu, kwamba tairi lile limekwisha na mimi sipandi, na naomba walibadilishe kabla hawajaondoka. Akacheka. Abiria wakacheka. Dada mmoja akasema, "Huyu baba anaogopa kufa." Nikapiga ile namba mbele yao, nikaeleza gari, mahali na muda. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akashuka, akaja kusimama na mimi bila kusema neno. Gari likaondoka na wengine wote.

Tulikaa pale saa nzima mpaka tukapata usafiri mwingine. Nilipofika Msowero giza lilikuwa limeshaingia, na lile gari nilikuta limefika salama kabisa, limeegeshwa, vijana wanakunywa soda. Konda akanipungia mkono. "Mwalimu! Si unaona tumefika?"

Nilimpigia simu mama mdogo nikamsimulia, nikidhani atacheka naye.

"Na wewe umefika?" akaniuliza.

"Nimefika, mama."

"Na yule mwenye nyanya?"

"Amefika."

"Haya," akasema. "Kesho ukiliona tena, uwaambie tena."